Kufunga na Kurekebisha Plau la Bawa kwenye Trekta Dogo la Bustani

Mkulima anayenunua trekta dogo lenye nguvu za farasi 18 hadi 25 kwa ajili ya bustani ya mboga au shamba la ekari mbili tatu mara nyingi hulifunga plau siku hiyo hiyo na kuingia shambani, na kabla mfuo wa kwanza haujafika mwisho huona magurudumu ya nyuma yakizunguka palepale huku plau likikwaruza juu ya ardhi. Hukumu inayotolewa haraka ni kwamba injini haina nguvu. Mara nyingi hukumu hiyo si sahihi, na hesabu fupi inatosha kuonyesha sababu.

Plau lenye upana wa sentimita 25, linalokata kwa kina cha sentimita 15, linapambana na udongo wenye eneo la sentimita za mraba 375. Udongo wa tifutifu wenye unyevu wa kiasi hukinza kwa takriban nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo plau hilo linahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 190. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, kazi hiyo haifikii nguvu za farasi tatu. Hata ukihesabu mara mbili kwa ajili ya nguvu inayopotea kwenye gia na kwenye magurudumu yanayoteleza, injini ya farasi 18 bado ina akiba kubwa. Kinachopungua ni uzito. Trekta la kilo 600 huweka kama kilo 350 hadi 400 juu ya magurudumu ya nyuma, na tairi zenye meno mazuri juu ya ardhi imara zinaweza kuvuta karibu nusu ya uzito unaozikalia. Maana yake ni kwamba kilo 190 ziko ukingoni kabisa mwa uwezo wa trekta hilo, na plau lililofungwa vibaya, likiongeza ukinzani kwa robo tu, limekwisha kulishinda. Ndiyo maana marekebisho ninayoyaeleza hapa yana uzito mkubwa zaidi kwa mwenye trekta dogo kuliko kwa mwenye trekta la farasi 75, ambalo linaweza kuburuta makosa ya fundi wake kutwa nzima bila kulalamika.

Naanza na uchaguzi wa plau lenyewe. Katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya plau linaloonekana zaidi nyuma ya matrekta makubwa ni la sahani, kwa kuwa sahani huzunguka na kupanda juu ya visiki na mawe badala ya kunasa. Hata hivyo, plau la sahani huingia ardhini kwa uzito wake, na lililo dogo kiasi cha kuinuliwa na trekta la bustani huwa jepesi mno kwa ardhi iliyokauka. Plau la bawa huingia kwa namna nyingine: ncha ya wembe wake imeelekezwa chini kidogo, na kadiri linavyovutwa ndivyo linavyojivuta lenyewe kwenda chini. Kwa shamba lililokwisha kusafishwa visiki, naamini bila wasiwasi kwamba plau la bawa la mfuo mmoja, lenye upana wa sentimita 25 au 30, ndilo linalolifaa trekta dogo. Ikiwa shamba bado lina visiki, ving'oe kwanza.

Sehemu za plau hilo ni chache, na kila moja itatajwa tena huko mbele. Wembe ni chuma cha mbele kinachokata udongo kwa chini. Bawa ni bamba lililopinda ambalo huinua kipande kilichokatwa na kukipindua upande wa kulia. Ubavu ni bapa refu la chuma upande wa kushoto, linaloteleza kwenye ukuta wa ardhi ambayo haijalimwa na kulizuia plau lisisukumwe pembeni. Mwisho wake wa nyuma huitwa kisigino. Boriti ndiyo inayobeba vyote hivyo. Mbele ya wembe huweza kuwapo kisu cha duara, ambacho hupasua nyasi na kuchora ukuta wa mfuo.

Kuliandaa trekta

Kabla ya kugusa plau, angalia tairi za nyuma. Tairi laini zilizotengenezwa kwa ajili ya kukata nyasi hazifai kwa kulima. Zinatakiwa tairi zenye meno marefu, na meno hayo, yaliyopangwa kwa umbo la V, yafungwe kwa namna ambayo ncha ya V ndiyo inayogusa ardhi kwanza gurudumu linapozunguka kwenda mbele. Nimeona matrekta yaliyofungwa tairi kinyume, na mwenye kuyatumia akishangaa kwamba yanashika vizuri zaidi yakirudi nyuma. Upepo wa tairi mbili za nyuma lazima ulingane, kwa sababu tofauti ndogo hulilaza trekta upande mmoja na kuharibu vipimo vyote vitakavyofuata. Upepo ukiwa chini kidogo, ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye kitabu cha trekta, tairi hulala juu ya ardhi na kushika zaidi.

Kisha ongeza uzito. Njia rahisi kwetu ni kujaza maji ndani ya tairi za nyuma: inua gurudumu, lizungushe mpaka valvu iwe juu kabisa, toa upepo, jaza maji mpaka yafikie usawa wa valvu, halafu ongeza upepo mpaka kiwango chake. Tairi iliyojazwa hivyo huwa na maji kwa takriban robo tatu ya nafasi yake. Katika nchi za baridi kali wakulima hulazimika kuchanganya maji hayo na dawa ya kuzuia kuganda, lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki maji matupu yanatosha. Vyuma vya kufunga kwenye ringi hufanya kazi hiyo hiyo na ni rahisi kuviondoa msimu wa kulima ukiisha.

Usisahau mbele. Plau linapoinuliwa, na pia linapovutwa, uzito huhama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Magurudumu ya mbele yabaki na angalau moja ya tano ya uzito wa trekta, la sivyo usukani hupoteza kazi. Ikibidi, funga vizito kwenye pua ya trekta.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga ni nafasi kati ya magurudumu ya nyuma. Wakati wa kulima, gurudumu la kulia hutembea ndani ya mfuo uliotangulia, na plau hukata kipande kinachoanzia kwenye ukuta wa mfuo huo. Kwa hiyo umbali kutoka ubavu wa ndani wa tairi ya kulia hadi kwenye ubavu wa plau ndio upana utakaokatwa: sentimita 25 kwa plau la sentimita 25. Sasa fikiri kuhusu trekta ambalo nafasi ya ndani kati ya tairi zake ni sentimita 70. Katikati ya kipande kinachokatwa kutakuwa sentimita 12 na nusu kutoka kwenye tairi ya kulia, ilhali katikati ya trekta ni sentimita 35 kutoka tairi hiyo hiyo. Plau linavuta sentimita 22 na zaidi kulia kwa mstari wa katikati, na pua ya trekta itataka kuelekea kulia muda wote. Ikiwa ringi za trekta lako zinaweza kugeuzwa, zigeuze ili magurudumu yakaribiane kadiri inavyowezekana wakati wa kulima. Tahadhari hapa ni moja, na ni kubwa: trekta lenye magurudumu yaliyokaribiana hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye mteremko, kwa hiyo magurudumu yarudishwe mahali pake kazi ya kulima ikiisha.

Kufunga

Matrekta madogo mengi ya siku hizi hutumia kiungo cha pointi tatu: mikono miwili ya chini inayoinuliwa na haidroliki, na mkono mmoja wa juu unaoweza kurefushwa na kufupishwa. Mhandisi Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeunganisha kiungo hicho na haidroliki kwa namna tunayoijua, na trekta lake la TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry nchini Uingereza mwaka 1946, lilikuwa na injini isiyofika nguvu za farasi 30 na bado lilivuta plau la mifuo miwili. Siri ilikuwa kwamba kiungo hicho huhamishia sehemu ya uzito wa plau na mvuto wa udongo kwenye magurudumu ya nyuma, pale hasa uzito unapohitajika.

Hakikisha kwanza pini zinalingana. Katika daraja la kwanza la ukubwa wa kiungo hicho, pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22 na ya mkono wa juu milimita 19. Katika daraja la chini yake, linalotumika kwenye matrekta madogo kabisa, pini zote ni za milimita 16. Pini nyembamba ndani ya tundu pana hufanya plau licheze, na plau linalocheza halirekebishiki.

Weka plau mahali tambarare, rudisha trekta nyuma polepole, zima injini na ukaze breki ya mkono. Funga mkono wa chini wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kwa sababu ule wa kulia ndio wenye mpini wa kuuinua na kuushusha. Mkono wa juu uje mwisho. Kila pini iwekewe klipu yake. Minyororo inayozuia mikono ya chini isiyumbe ikazwe wakati wa safari ya barabarani, lakini shambani ilegezwe kiasi cha plau kuweza kusogea sentimita chache kila upande, ili lifuate njia yake lenyewe bila kulazimishwa na kila mkunjo wa usukani. Usifunge plau wala mnyororo wa kuvutia mahali popote palipo juu ya ekseli ya nyuma. Trekta dogo likivutwa kutoka juu huweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva kwa chali kabla hajawahi kukanyaga klachi.

Kusawazisha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nashauri ifanyike nyumbani, juu ya sakafu ngumu, bila haraka. Kwa kuwa magurudumu ya kulia yatakuwa ndani ya mfuo, trekta litalima likiwa limelalia kulia. Plau lililosawazishwa trekta likiwa tambarare litalala pia litakapofika shambani, na bawa lake litafukia udongo badala ya kuupindua. Kwa hiyo tengeneza hali ya shambani hapo nyumbani: chukua mbao imara zenye unene sawa na kina unachotaka kulima, tuseme sentimita 15, na uendeshe magurudumu mawili ya kushoto, la mbele na la nyuma, yapande juu yake. Kaza breki, weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini, kisha ushushe plau mpaka likae sakafuni. Sakafu sasa ndiyo sehemu ya chini ya mfuo.

Simama nyuma ya plau na uangalie nguzo yake, yaani chuma kilichosimama kinachounganisha boriti na wembe na bawa, kwa pima maji. Ikiwa imeinamia kulia, fupisha fito ya kuinulia ya kulia, ile inayoushika mkono wa chini wa kulia kutoka juu, kwa kuzungusha mpini wake. Ikiwa imeinamia kushoto, irefushe. Endelea mpaka nguzo isimame wima kabisa. Kisha nenda ubavuni na uangalie boriti kutoka pembeni. Huu ni wajibu wa mkono wa juu: ukiufupisha, pua ya plau huinama na wembe huelekea chini zaidi, ukiurefusha, pua huinuka. Boriti ikiwa sambamba na sakafu, plau litakuwa linagusa sakafu kwa ncha ya wembe, kwa kona ya nje ya wembe na kwa kisigino, na katikati kutaonekana uwazi wa milimita chache. Uwazi huo ni wa makusudi, ndio unaolivuta plau kwenda chini, na ukiona haupo, wembe umechakaa na hakuna marekebisho ya mkono wa juu yatakayouponya.

Mwisho, tazama plau kutoka juu. Ubavu wake uwe sambamba na mwendo wa trekta. Maplau mengi madogo yana mhimili wa kupita unaoweza kuzungushwa kidogo ili kuelekeza ncha kushoto au kulia, na marekebisho hayo yafanywe kwa kiasi kidogo sana kila mara.

Kisu cha duara, kama kipo, kikae sentimita moja hadi mbili upande wa kushoto wa ubavu, ekseli yake ikiwa juu ya ncha ya wembe au mbele yake kidogo, na kikate kama nusu ya kina cha kulima. Kikizamishwa zaidi ya hapo kwenye ardhi ngumu, huanza kulibeba plau na kulizuia lisiingie.

Kuhusu kina chenyewe, kanuni ninayoifuata ni kwamba kisizidi theluthi mbili za upana wa plau. Plau la sentimita 25 lilime sentimita 12 hadi 16. Ukizidisha, kipande cha udongo husimama wima au hurudi kilikotoka badala ya kupinduka, na magugu hubaki yakitazama juu.

Shambani

Udongo ukaguliwe kabla ya trekta kuwashwa. Chimba kwa jembe mpaka kina utakacholima, chukua udongo wa hapo na uufinye kiganjani. Ukifanya donge linalovunjika kwa kubonyezwa na kidole gumba, ardhi iko tayari. Ukinata na kung'aa, subiri, kwa sababu plau litaupaka udongo na kuacha tabaka gumu chini ya mfuo. Ukigoma kabisa kufinyika, subiri mvua. Watu wa mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi wanajua kwamba siku za kufaa ni chache mno kati ya ukavu na tope, na ukinzani wa udongo huo unaweza kuwa mara mbili ya ule wa tifutifu. Mashine kubwa haziwi kinga dhidi ya jambo hili. Mpango wa Karanga, mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta Kongwa matrekta na matingatinga mengi, na udongo wa huko, ukikauka wakati wa kiangazi na kuwa mgumu kama saruji, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoushinda. Mwenye trekta dogo hana sababu ya kujaribu tena.

Pima sehemu ya kugeuzia ya mita tatu au nne kila mwisho wa shamba, na uiache ilimwe mwisho. Kama shamba lina mteremko, mifuo ikate mteremko na isishuke nao. Simika vijiti viwili vitatu kwenye mstari ulionyooka katikati ya shamba, na mfuo wa kwanza uufuate mstari huo kwa kina cha nusu tu. Katika mfuo huu magurudumu yote yako juu ya ardhi isiyolimwa, kwa hiyo fito ya kulia irudishwe kwanza mpaka plau lisimame wima trekta likiwa tambarare. Weka alama ya rangi kwenye mpini ili ujue mahali pa kuirudishia. Mfuo wa pili ulime ukirudi, ukipindulia udongo kuelekea ule wa kwanza, na kuanzia hapo gurudumu la kulia liingie ndani ya mfuo na fito irudi kwenye kipimo ulichoweka nyumbani.

Mwendo uwe kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Pima mita 20 na uhesabu sekunde: ukizimaliza kwa sekunde 16, uko kwenye kilomita 4 na nusu. Polepole kuliko hapo, udongo haupinduki vizuri. Kwa kasi zaidi, hurushwa mbali na ukinzani hupanda. Kwa mwendo huo, na ukihesabu muda wa kugeuza, plau la sentimita 25 hulima ekari moja kwa takriban saa tano. Kama trekta lina kufuli ya diferensha, inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, itumie kwenye mstari ulionyooka tu na uifungue kabla ya kukata kona. Inua plau kabisa kabla ya kugeuza.

Baada ya mita 20 za mfuo wa tatu au wa nne, simama, zima injini, ushuke uusome mfuo. Kisigino kiwe kimeacha alama nyepesi chini. Kama hakuna alama kabisa na sakafu ya mfuo ina mawimbi, mkono wa juu ni mfupi mno, plau linatembea kwa ncha na linavutwa kwa shida. Urefushe kwa nusu mzunguko na ujaribu tena. Kama kisigino kimechimba na plau haliingii, ufupishe. Kama kina upande wa kulia wa mfuo ni tofauti na upande wa kushoto, rejea kwenye fito ya kulia. Kama ukuta wa mfuo umebomoka, kisu cha duara kimekaa karibu mno na ubavu au ni butu. Kama trekta linavutwa kulia bila kukoma, pima tena umbali kati ya tairi na ubavu wa plau. Badilisha jambo moja tu kila mara, kisha lima mita 20 nyingine. Anayegusa vitu viwili kwa pamoja hatajua ni kipi kilichosaidia.

Bawa jipya huja na rangi, na rangi hiyo hushika udongo, jambo ambalo huongeza ukinzani na kuziba mtiririko. Iondoe kwa msasa au kwa dawa ya kuondolea rangi kabla ya siku ya kwanza, kisha udongo wenyewe utaling'arisha. Kila jioni kwangua udongo uliobaki, shusha plau mpaka chini, wala usiache mtu akaingia chini yake likiwa limeinuliwa na haidroliki peke yake. Kaza boliti za wembe baada ya saa ya kwanza ya kazi, na uziangalie tena kila siku. Msimu ukiisha, paka bawa, wembe na ubavu grisi au oili nzito, kwa kuwa kutu ya miezi michache hulirudisha bawa kwenye hali mbaya kuliko ile ya rangi. Wembe ubadilishwe au upelekwe kwa mhunzi aurefushe ncha mara tu ule uwazi wa milimita chache chini yake unapotoweka.